Siku Waliyompiga Kocha Makindu

Mume wangu alipopewa timu ya Makindu, ilikuwa karibu kushuka daraja na uwanjani mbuzi walikuwa wengi kuliko watu. Yeye ni Mwislamu wa Mwingi, ukoo uliotoka pwani zamani, na mwanzoni walimwita mgeni. Msimu wa pili timu ikaanza kushinda, na ghafla hakuweza kupita sokoni bila kubebwa juu juu. Mchungaji wa kanisa la jirani alimwombea mbele ya waumini. Mwenye bucha pale stendi akawa anatutumia maini. "Kocha asilale njaa," alisema.

Kisha ikaja mechi ya kupanda ligi kuu, dhidi ya timu ya Kitui. Straika wetu, kijana wa hapo hapo Makindu aliyependwa mno, goti lake lilikuwa limevimba. Mume wangu akamweka benchi. Mashabiki walianza kumtukana kocha hata kabla filimbi haijalia. Tukafungwa bao moja, penalti, dakika za mwisho.

Nilikuwa kwenye jukwaa la mbao. Niliona uzio wa mabati ukilala chini, watu wakamiminika ndani. Jiwe la kwanza lilimpata mume wangu juu ya jicho. Alishika uso akabaki amesimama, kama mtu anayetaka kueleza jambo. La pili likamwangusha. Wakang'oa vigingi vya uzio, wakampiga mbavu, mgongo, kichwa. Sauti ya mti ukigonga mfupa bado ninayo masikioni.

Nilisukumana na watu mpaka nikamfikia. Aliyekuwa ameinua kigingi juu yake ni mwenye bucha.

"Mwaitu, toka hapa," aliniambia, kwa lile neno la Kikamba la kumheshimu mama. "Hatuna maneno na wewe."

Nikamrukia, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Alinizaba kofi nikaanguka. Hapo straika, na goti lake bovu, akaja akajilaza juu ya mume wangu.

"Mimi ndiye nilimwambia siwezi kucheza!" alipiga kelele. "Nipigeni mimi!"

Wakampiga kweli. Mkono wake ulivunjika kabla polisi hawajafyatua risasi hewani.

Jicho la kushoto la mume wangu halikupona. Mwenye bucha alikuja hospitalini, mkono umefungwa bandeji, amebeba supu kwenye thamosi.

"Mama, shetani alituingia."

"Shetani hakushika kigingi," nikamwambia. "Ulishika wewe."

Nilimwaga ile supu mbele ya viatu vyake. Mume wangu, mdomo umeshonwa, akanipungia mkono niache. Siku hiyo nilimkasirikia yeye kuliko yule mtu.

Msimu uliofuata timu ikashuka daraja, na viongozi wakaja nyumbani na mashabiki wao.

"Kocha, turudie. Watu wanakulilia."

Akawapa chai, akawasikiliza wote, akakataa. Nilidhani ameachana na mpira. Baada ya mwezi mmoja akachukua timu ndogo ya Mbumbuni. Tuligombana siku nzima. "Sasa nifanye kazi gani nyingine?" aliniuliza.

Mimi siendi mechi tena. Akirudi, kabla hata ya salamu, namshika uso kwa mikono miwili, napapasa kichwa, shingo, mbavu, nikitafuta palipo na unyevu wa damu. Yeye husimama tu, akinisubiri nimalize.