Dominika na kibati cha mzee Romani

Saa mbili asubuhi upepo wa baridi unavuma sokoni Malangali, huku Ufipa, na Dominika ameshatandaza gunia lake: kufuli kuukuu, spana, bawaba, koki za bomba. Mwanamume asiyemjua anasimama mbele yake, viatu vyake havina hata vumbi.

"Shikamoo, mama. Ni wewe mwenye hela za zamani?"

"Marahaba. Za sasa ndizo sina."

Muuza ndala wa jirani anaangua kicheko.

Mgeni anaitwa Andwele, mfanyabiashara wa Mbeya anayekusanya sarafu. Yuko safarini kwenda Mpanda, na sifa za Dominika kazipata kwa dereva wa lori.

Dominika ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku nzuri humwachia shilingi elfu kumi na mbili. Siku mbaya hurudi na gunia tu. Katikati ya misumari na majembe yaliyokatika ndiko alikoanza kuokota sarafu.

"Watu walizipima kilo pamoja na misumari. Iliniuma," anasema. "Mtu alilima, akauza ulezi, akapata hii. Leo iyeyushwe iwe sufuria?"

Anafungua kopo la maziwa ya unga. Kuna senti zenye tundu za enzi ya Mwingereza, na heleri, visenti vya enzi ya Mjerumani. Anagonga rupia ya fedha kwenye jiwe ili mgeni asikie inavyolia. Kisha anampa kipande cha shaba chenye kingo zisizo sawa. "Pitisha ukucha. Hii Mjerumani aliipiga Tabora wakati wa vita yake na Mwingereza. Ona herufi T, chini ya mwaka."

Andwele anatabasamu kama mtoto. Anataka kununua zote ambazo Dominika anazo zaidi ya moja. Bei anayotaja ingetosha kabati la vioo ambalo Dominika amekuwa akiliota, watu wa soko waje watazame historia yao bila kiingilio. Ila anataka wakae wote wawili mpaka saa sita, wachambue moja moja.

"Saa nne napanda gari la Msanzi," anasema Dominika.

Anafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani mna kibati cha mviringo, cheusi kwa umri, chenye uzi tunduni na namba iliyogongwa.

Kilikuwa cha mzee Romani wa Msanzi, aliyefariki mwaka huu akiwa amepita miaka tisini. Hakuwahi kumweleza mtu ni kitu gani. Walipokikuta kimeshonewa ndani ya mto wake, mdogo wake, Fabiani, alisema ni dawa ya uchawi, kikatupwe mtoni. Binti wa marehemu, Gaudiosa, alikileta kwa Dominika kimyakimya, naye akakitambua: ni namba ya manamba, vijana waliochukuliwa Ufipa kwenda kukata mkonge Tanga.

"Gaudiosa alitaka kukisugua kwa majivu king'ae. Nikamwambia acha, huo weusi ni jasho la baba yako. Akaniomba niende niseme mwenyewe mbele ya ukoo, siku ya kuondoa matanga. Nikamwahidi. Ndiyo leo."

"Mpe kondakta, mama, atafikisha."

"Kibati atafikisha. Maneno je?"

"Mimi kesho sipo tena huku."

"Najua, mwanangu. Safari njema."

Anafunika kopo, anamwachia muuza ndala gunia, anaondoka. Garini anatazama dirishani.

Uani Msanzi, misa imekwisha na ukoo umekaa kwenye mikeka. Dominika anasimama.

"Hii siyo dawa. Kule mkonge hawakumwita Romani, walimwita kwa namba hii. Bila kibati hupati posho, hupati ujira. Alirudi nacho, akanyamaza."

Fabiani ananyoosha mkono. Anakigeuza kibati, anakipapasa kwa kidole gumba.

"Alirudi nikiwa mdogo," anasema taratibu. "Mikono imechanika yote. Tukamcheka kwamba amerudi na blanketi moja."

Edwin, mjukuu aliyerithishwa leo jina la Romani, anainamisha kichwa. Gaudiosa anamtazama baba yake mdogo, na Fabiani mwenyewe ndiye anayemvisha kijana uzi ule shingoni.

Jioni hakuna gari la kurudi. Dominika anapewa mkeka na bakuli la ugali wa ulezi. Gaudiosa anamuuliza kuhusu lile kabati la sarafu. "Litakuja," anasema Dominika, akinawa mikono. "Leo nilikuwa na kazi."