Chai ya Shabani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani Kidete, nilikabidhiwa chupa ya mdogo wangu Shabani, nami niliringa nayo mtaa mzima. Sikujua nimekabidhiwa nini.

Shabani alikuwa na miezi mitano. Asubuhi moja Mama alitapika nyuma ya banda la kuku. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akichagua mchele, wala hakuuliza mkwewe ana nini.

"Mmembemenda mtoto," alisema.

Kwetu neno hilo huwainamisha watu wazima. Maana yake wazazi hawakusubiri, mimba imeingia wakati mtoto bado ananyonya, na maziwa yameharibika. Baba alichukua jembe akaondoka bila kuaga.

"Maziwa hayo sasa ni ya aliyemo tumboni," Bibi alimwambia Mama. "Shabani akinyonya tena, mtamzika."

Siku hiyohiyo Mama alijipaka shubiri kwenye chuchu. Mimi nikapewa kazi ya kumnywesha Shabani chai ya rangi, sukari nyingi ili apate nguvu, na jioni maji ya mizizi. Bibi mwenyewe alivuka mto Mkondoa kwenda kuichimba mizizi hiyo, na goti lake bovu. Nalitaja goti lile kwa sababu kwa miaka mingi nimetaka kumchukia Bibi, nikashindwa.

Wiki ya kwanza Shabani alilia. Wiki ya pili akaanza kuharisha, Bibi akasema ubaya unatoka. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Utosi ulibonyea. Nikimbeba mgongoni nilikuwa najipapasa kuhakikisha bado yupo.

Mchana mmoja Bibi alikwenda msibani. Mama alikuwa amelala ubavu mkekani, kanga imemteleza kifuani, na Shabani mikononi mwangu akageuza shingo kumtafuta. Sikuweza kuvumilia. Nililowesha ncha ya kanga yangu, nikaifuta shubiri taratibu, huku nikijiambia kwamba Mama akiamka nitasema nafukuza inzi. Hakuamka. Nikamlaza Shabani kifuani pake. Alinyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Nilimsikia akimeza.

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Bibi alikuwa amesema tutamzika, na tulimzika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbiwa kila siku. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu. Sikumwambia mtu. Nilikua nikijua kwamba nimeua.

Baadaye niliolewa Mikumi. Mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya nilipogundua nina mimba nyingine, nikaenda kliniki. Muuguzi alikuwa binti mdogo kuliko mimi.

"Mnyonyeshe tu, dada," alisema. "Mimba haiharibu maziwa. Kinachowamaliza watoto ni kuwaachisha ghafla, wanywe chai na maji ya mizizi. Kabla ya miezi sita mtoto hapewi hata maji matupu."

Nililia mpaka akainuka kufunga mlango. Alidhani nalilia mimba.

Hata hivyo ilinichukua miaka kumwambia Mama. Mwaka jana nilikwenda Kidete, nikamkuta uani anachambua matembele. Bibi alikwishatangulia. Nilikaa karibu na Mama nikatoa yote kwa mkupuo.

"Mama, ile siku Bibi alipokwenda msibani, mimi ndiye niliyemnyonyesha Shabani."

Aliendelea kuchambua.

"Nilikuwa macho," alisema. "Nilikuacha makusudi. Nikasema acha anyonye mara moja tu. Kesho yake nikajua nimemuua mwanangu."

Kumbe tulikuwa wawili, nyumba moja, kila mtu na kaburi lake moyoni. Nikamshika mkono, nikamweleza maneno ya yule muuguzi, nikiamini namtua mzigo.

"Kwa hiyo maziwa hayakuwa na sumu?"

"Hayakuwa na sumu, Mama. Ilikuwa ile chai."

Aliacha kuchambua, majani yamemlala mapajani.

"Basi ningempa," alisema. "Yalikuwepo. Usiku yalikuwa yanamwagika yenyewe kwenye mkeka, nami nayafuta."

Nilichukua fungu la matembele, tukaendelea kuchambua pamoja.