Keki na Karatasi Yake

Jamani, nichekeni tu, nastahili. Maduka ya Masasi yalipoanza kujaa bidhaa tena baada ya miaka ya uhaba, nilinunua vikombe vya karatasi vya kuokea keki ndogo. Vilikuwa vyembamba kama ganda la kitunguu, nikaamini vinaliwa. Siku ya Krismasi nikaoka keki za zabibu na korosho zetu, nikaita wageni hapa Lulindi.

"Zinaliwa pamoja na karatasi zake!" nikatangaza kwa maringo, nikauma ya kwanza.

Mama mkwe wangu akauma, akatafuna taratibu, akasifu. Wageni wote wakamfuata.

Walipoondoka, nikamkuta mama mkwe jikoni anakula nyingine, karatasi ameibandua vizuri.

"Mama! Kumbe ulijua hailiwi?"

"Nilijua, Mama Neema. Lakini ulishameza mbele za watu. Ningekuachaje umeze peke yako?"