Mpiga Mayowe wa Sandpiper

Loretta Brancato aliajiriwa kupiga mayowe. Bustani ya michezo ya Sandpiper, ufukweni New Jersey, ilimpandisha kwenye kigari kinachoporomoka relini, ili wapita njia wadhani kuna raha, wakate tiketi. Miaka ya mwisho hakuna mtu aliyekanyaga pale. Loretta akapiga mayowe peke yake, abiria wenzake wakiwa magunia ya mchanga yaliyowekwa vitini kujazia uzito.

Leo yamesimama maghorofa pale, na mji mzima umekuja kuzindua jiwe la kumbukumbu, wanalia kama wafiwa.

“Ndugu zangu, tuiage Sandpiper kwa dakika ya kimya,” meya akasema.

“Kimya gani tena, Chuck?” Loretta akafoka. “Kimya si mlishaipa, ikafa! Mngekuja kupiga kelele, mimi ningepanda na mchanga?”