Siku Tuliyokaa Barabarani

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimezeekea huku Uluguru nikilima karoti na kabichi. Nilikuwa mwanafunzi, kwetu Afrika Kusini, enzi za ubaguzi. Mwalimu wetu alikamatwa kwa kutufundisha mambo ambayo serikali haikuyataka. Tukatoka darasani, tukakaa barabarani mbele ya kituo cha polisi, tukaimba. Hatukurusha hata jiwe. Walituletea mbwa, kisha wakatubeba kama magunia.

Nilikaa rumande mpaka nikakonda. Ndipo wakamwita mama yangu, mwanamke mpole aliyefua nguo za watu. Askari akamwambia, "Mwanao akiomba radhi hadharani, leo unaondoka naye." Nami nilikuwa nimechoka, usinione hivi. Mama angesema omba, ningeomba.

Mama akanigeukia.

"Wanakupa chakula?"

"Wananipa, Mama."

"Kuna mtu ulimpiga?"

"Hapana."

Akakaza kitambaa chake kichwani. "Basi huna cha kuombea radhi. Mimi narudi nyumbani."

Akaondoka bila kugeuka. Baadaye jirani yetu alinisimulia kwamba Mama alipofika njiani aliketi chini, akalia.

Nilipoachiwa, bila kuomba radhi, nilitoroka nchi. Nikapokelewa hapa nchini, Mazimbu, kwenye shule ya wakimbizi wenzangu, nikasoma, nikaolewa na Mluguru. Uhuru wetu wa Afrika Kusini ulipokuja nilikuwa mama wa watoto. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, kwenye ubalozi wetu, kupiga kura yangu ya kwanza maishani. Haikupita miaka mingi, Mama akaja kunitembelea, akashuka kituo cha mabasi cha Msamvu na mkongojo wake. Nikampandisha huku milimani. Mama mkwe alimpokea kwa vigelegele. Lugha hawakuelewana, lakini walimenya njegere pamoja mpaka jioni, wakicheka, sijui walicheka nini.

Kwa hiyo, mwanangu, ukidai haki, idai bila kumwumiza mtu, ili moyo wako usikusute utakapobanwa. Wakumbuke unaowaacha nyumbani, maana wao hubeba uzito ambao hakuna anayeuimbia. Na uhuru ukiupata, usiumalize kwa kulipiza kisasi. Lima, penda, kaa na watu vizuri.

Mungu akupe ujasiri usio na chuki, akuzeeshe kwa amani kama alivyonizeesha mimi.