Neno Sukuma kwenye Mashine ya Makasia

Zilikuwa zimebaki wiki tatu msimu wa pamba ufunguliwe, na msimamizi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, alishaniambia bila kuficha: nisipoleta barua kwamba mgongo umepona, nafasi yangu ya kupakia marobota anampa mwingine. Simlaumu. Robota lililoniumiza nililiinua mwenyewe, sikungoja mwenzangu.

Barua ilikuwa mikononi mwa dada mmoja mtaalamu wa viungo, aliyehamishiwa Bariadi kutoka Moshi. Katika chumba chake cha mazoezi kulikuwa na mashine ya kupigia makasia: kiti kinachoteleza kwenye reli, ubao wa kukanyagia, na mpini wenye cheni inayozungusha feni. Mtumbwi mimi nimeuona mara chache. Mto wetu mwezi huo ulikuwa mchanga mtupu.

Akanionyesha: kwenda ni miguu kwanza, kisha mgongo, mikono mwisho. Kurudi ni kinyume chake. Zoezi la kwanza lilikuwa miguu peke yake, mikono imenyooka kama kamba, mara kumi. Niliona ni jambo dogo. Lakini kila nikianza mikono ilitangulia, mgongo ukapinda kama niko na jembe.

"Baba, sukuma," akasema. "Sukuma, baba."

Kwenye benchi alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye goti bovu. Akacheka. "Huyu anavuta kama upande wa pili kuna ng'ombe amegoma."

Lile neno la dada, sukuma, lilinichoma. Nyumbani nikaandika kwenye daftari: ananiita kabila langu kila ninapokosea, anaona sisi ni watu wa nguvu bila akili. Sikuwa na uhakika, na labda sikupaswa kuandika kitu nisichokuwa na uhakika nacho. Lakini kesho yake nilivuta kwa hasira, ili ajue Msukuma ni nani. Feni ikavuma. Na kesho kutwa hivyo hivyo. Wiki ilipokuwa inaisha mgongo ukakamata palepale pa zamani, nikashindwa kuinuka kwenye kiti.

Akanishika bega. "Baba, wiki nzima nakuambia sukuma, wewe unavuta. Kwa nini?"

"Nimekusikia. Mimi ni Msukuma, sikatai. Ila jina ninalo."

Akagonga ubao wa kukanyagia. "Sukuma kwa miguu, baba. Sukuma huo ubao. Kabila lako hata sikulifikiria."

Mwalimu safari hii hakucheka. "Hata mimi nilidhani anakutania," akasema. "Unawajua hawa Wachaga wa Moshi kwa utani."

Kwa haki, dada alisema Kiswahili sawasawa. Mimi ndiye niliyesikiliza kwa sikio la nyumbani, na wiki moja ikapotea hivyo.

Siku tatu nililala chali. Kisha tukaanza upya, polepole. Akaongeza zoezi la kusimama njiani: ukirudi, nyoosha mikono mpaka ipite magoti, tulia, hesabu mbili, ndipo ukunje miguu. Kuhesabu mbili kulinitoa jasho kuliko kuvuta.

Siku ya kupimwa alisimama nyuma yangu. Dakika kumi, mgongo ukitangulia hata mara moja, hakuna barua. Nilikuwa nangoja aseme sukuma, hakusema, nikawa najisemea mwenyewe.

Barua ilikuwa fupi: arudi kazini, asibebe, asukume toroli.

Msimamizi aliisoma mara mbili. "Sikuomba mtu wa toroli," akasema. Kisha akaonyesha toroli lenye robota. "Haya, sukuma nione."

Nikanyoosha mikono. Mgongo ukataka kutangulia, nikauzuia. Nikahesabu mbili. Nikasukuma kwa miguu, na gurudumu likakwama kwenye ufa wa sakafu. Nikakanyaga tena, taratibu, miguu tu, likatoka kwenye ufa na kupita.

"Anza Jumatatu," akasema, akanirudishia barua.