Mbio za Iringa, Wiki Nne Baada ya Kuongeza Matiti

Nilikwenda Iringa kukimbia kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema kwa nini siwezi kukimbia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nina miaka thelathini na tisa na watoto watatu, na katika klabu yetu ya jogging mimi ndiye ninayeongoza mazoezi ya viungo kila Jumamosi. Mbio zilinipunguza kilo nyingi, nami nilishukuru, ila kilo zilipoondoka ziliondoka na matiti pia. Basi wakati wa likizo nikasafiri hadi Dar es Salaam, nikaaga kwamba naenda semina, nikafanyiwa upasuaji wa kuyaongeza. Mbio zilininyang'anya kifua, na sasa kifua kikaninyang'anya mbio.

Daktari alinieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza kidato cha kwanza. Kutembea, ruksa tangu siku za mwanzo. Kunyanyua vitu vizito, kuruka, pushapu na kukimbia, hapana, mpaka wiki ya sita ipite na yeye mwenyewe aniangalie. "Ukihangaisha mwili mapema, damu inaweza kuvujia ndani," alisema. Sidiria ya kubana isiyo na waya, usiku na mchana. Niliitikia yote. Nikarudi Mbeya nikakuta klabu imealikwa kwenye bonanza la mbio Iringa, na jina langu liko la kwanza kwenye orodha. Nikasema naumwa goti; wakasema twende hivyo hivyo, litapona njiani.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka kwa basi dogo la Kosta la kukodi. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, alinipa kiti cha mbele ili ninyooshe mguu. Rafiki yangu Tumaini, ambaye anauza vitambaa sokoni, alikaa pembeni yangu na kopo la dawa ya kuchua. Kabla hatujafika Chimala, goti langu ambalo halikuwa na kosa lolote lilikuwa limechuliwa mara mbili.

Kutoka Chimala hadi Igawa ni matuta. Kila tuta nilikumbatia kifua kwa mtandio na kuuma meno. Tumaini akanitazama.

"Goti linauma mpaka kifuani?"

"Mishipa imeungana," nikamjibu. Mimi nafundisha baiolojia.

Makambako kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Wenzangu walishuka kunyoosha viungo na kurukaruka. Mimi nilibaki kwenye kiti, nikiwahesabia moja, mbili, tatu kupitia dirishani.

Saa nane mchana tulipanda kilima kuingia Iringa mjini, tukagawiwa kwa wenyeji. Nilipangiwa kwa Mama Kalinga, mjane aliyekuwa nesi kabla ya kustaafu. "Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe, akanipokea begi, akaniangalia ninavyochechemea mpaka sebuleni. Alikuwa ameniwekea maji ya kuoga jikoni. Akataka kunibebea. Mimi, kwa kuona aibu kubebewa maji na mtu wa umri wa mama yangu, nikaiwahi ndoo iliyojaa na kuinyanyua.

Kitu kikavuta chini ya titi la kushoto, kama uzi unaokatika. Nikaitua ndoo, jasho likanitoka.

"Goti lipi linauma?" Mama Kalinga akauliza.

"La kulia."

"Uliposhuka kwenye gari ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto." Akafunga mlango wa jikoni. "Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Mtu wa goti hashiki kifua anapoinuka. Hilo goti lako liko kifuani."

Nikalia, nikamweleza yote. Nilisubiri mahubiri. Badala yake alinawa mikono kwa sabuni akasema, "Haya, tuone." Akatazama upande huu na ule, akagusa kwa mgongo wa mkono kupima joto.

"Hapajavimba, hapana joto, mshono umeshika. Sasa mpigie daktari wako nikiwa hapa hapa nasikia."

Daktari alipokea. Aliposikia niko Iringa kwenye mbio akasema nipumzike, na titi moja likivimba kuliko jingine, likipata joto, au nikishikwa na homa, niende hospitali saa hiyo hiyo, nisisubiri kufika Mbeya.

"Na kesho?" nikauliza.

"Usipoona dalili hizo, tembea tu. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema."

"Basi atatembea na mimi," Mama Kalinga akaingilia. "Mimi naongea sana."

Jumamosi asubuhi nilikuwa sina homa wala uvimbe. Mwenyekiti aliniita mbele niongoze viungo, nikaviongoza kwa mdomo, mikono mfukoni. Filimbi ilipolia na wenzangu wakatoka, miguu yangu nayo ikatoka bila kuniuliza. Hatua tatu tu. Mama Kalinga akanishika mkono wa sweta.

"Sentensi nzima," alisema.

Tulitembea kilomita zote tano. Tulipitwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na kwaya nzima ya kanisa ikiwa inaimba. Tulipofika, turubai zilikuwa zinakunjwa. Hata hivyo Mwenyekiti alishika kipaza sauti akatangaza kwamba Mwalimu Atupele amemaliza mbio akiwa na goti bovu, na kwa hiyo anatunukiwa cheti cha nidhamu na ukweli wa mwanamichezo. Watu walipiga makofi. Sikukiinua juu, maana mikono yangu ilikuwa bado hairuhusiwi kuvuka mabega.

Jumapili baada ya ibada tulianza kurudi. Tulipopita Mafinga, Tumaini akatoa tena lile kopo. Nikamshika mkono.

"Acha, Tumaini. Goti halina kitu." Nikamnong'oneza yaliyokuwepo.

Akalifunga kopo, akalirudisha begini, na misonobari ilipoisha barabarani akaniinamia sikioni.

"Unakumbuka mwaka juzi nilivyoumwa vidonda vya tumbo?"

Nilikumbuka. Nilimpelekea uji kila wiki kwa miezi miwili.

"Havikuwa vidonda. Nilifanya kama wewe. Wiki ya tatu nikajiona mzima, nikakimbia nanyi mpaka Uyole. Kesho yake upande mmoja ulikuwa umevimba kama mpira. Wakanirudisha chumba cha upasuaji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kiongozi wa mazoezi ni wewe."

Tulicheka mpaka nikalazimika kushika kifua. Na yeye, kwa mazoea, akashika chake.

Wiki ya saba daktari alinikagua akaniruhusu kuanza. Nilikimbia dakika mbili na kutembea tatu, Tumaini akinisimamia. Pushapu zilisubiri zaidi. Nilichojifunza ni kwamba masharti ya daktari hayakuwa magumu: kutembea na kungoja. Kigumu ni kungoja mbele za watu bila kuwaambia unangoja nini. Mwezi huu mama mmoja mgeni klabuni alisema hawezi kuruka, mgongo unamsumbua. Nikamwambia asiruke. Wengine walipotangulia, nikamsogelea na kumuuliza taratibu ni wiki ya ngapi.